Rilei za taa kubwa kwenye Hilux ya zamani: uzoefu wangu wa miezi saba

Hilux yangu ni LN106, ile ya injini ya dizeli iitwayo 3L, na kazi yake kubwa ni kushusha nyanya kutoka Ilula, mkoani Iringa. Nyanya haitaki jua, kwa hiyo tunapakia jioni na kutembea usiku: mlima Kitonga, Ruaha Mbuyuni, bonde la mibuyu, hifadhi ya Mikumi, hadi Morogoro. Njia hiyo niliipita zaidi ya mwaka mzima kwa taa zilizofifia kama kibatari. Nikipishana na lori linalopanda Kitonga, kwa sekunde kadhaa sioni ukingo wa barabara wala mtaro.

Nilidhani tatizo ni globu. Nikatoa za 60/55 (wati 60 za fuli, 55 za dimu) nikaweka za wati 100/90. Wiki ya pili nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Kufungua boneti, nakuta soketi ya taa ya kulia imeyeyuka na kugandana na miguu ya globu, na swichi ya kwenye usukani nayo ilikuwa ya moto. Nikahamia LED za bei chee. Ukizitazama kwa mbele ni nyeupe kweli, lakini barabarani mwanga ulitawanyika hadi juu ya miti, na kila dereva niliyepishana naye alinipigia fuli. Nazo nikazitoa.

Aliyenifumbua macho ni fundi umeme mmoja wa Morogoro. Aliwasha injini, akawasha taa, akaweka mita kwenye betri: volti 13.9. Kisha akachomeka ncha za mita nyuma ya soketi ya taa, globu ikiwa inawaka: 11.6.

"Mzee, umeme unao," akaniambia. "Unaishia njiani."

Globu ya uzi ina tabia hiyo: volti zikipungua kidogo, mwanga unapungua sana. Kwa upungufu ule nilikuwa nikipata karibu nusu tu ya mwanga ambao globu ingetoa kama zile volti za betri zingeifikia. Taa mbili za wati 55 zinakula kama ampea 9, na ampea zote hizo zilikuwa zinapita kwenye waya mwembamba, mrefu, wenye umri wa miaka thelathini, zikizungukia swichi ya usukani ambayo vishaba vyake vya kugusanisha umeme vimeshaungua. Ukifunga rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa, waya ule wa zamani unabaki na kazi ndogo tu ya kuamsha rilei, chini ya nusu ampea. Umeme wa taa unatoka betri moja kwa moja kwa waya mnene.

Nikanunua seti iliyofungwa tayari, Kariakoo, kwa shilingi 45,000. Ndani kulikuwa na rilei mbili, fyuzi moja, soketi mbili za kauri za H4 (globu yenye dimu na fuli pamoja) na plagi ya kuchomeka kwenye soketi ya zamani. Muuzaji alisema ni chomeka na uondoke. Haikuwa hivyo.

Tulipoiunga mara ya kwanza hakuna kilichotokea, rilei hazikulia hata "tik". Fundi akachukua taa ya kupimia, akagusa waya mmoja mmoja, akapata jibu. Kwenye gari hii swichi inakata upande wa hasi: chanya inafika kwenye globu kwa waya mmoja wa pamoja, na swichi ndiyo inayopeleka dimu au fuli kwenye bodi ya gari, ambayo ndiyo hasi. Seti ile ilitengenezwa kwa magari yanayokata chanya, mguu wa 85 wa kila rilei ukiwa umefungwa bodi (85 na 86 ni ncha mbili za koili inayoamsha rilei). Akaikata, akaleta chanya ya pamoja kwenye 86 za rilei zote mbili, kisha 85 moja akaiunga na waya wa dimu na nyingine na wa fuli. Safari hii zikalia. Kama una Toyota ya miaka hiyo, mwambie fundi wako apime kwanza kabla hajagusa kitu.

La pili liliniuma zaidi. Alipokwaruza waya mnene wa seti, ganda lilikuwa nene kuliko ilivyostahili, na ndani nyuzi chache zenye rangi ya fedha, alumini iliyopakwa shaba. Huo ni udanganyifu, na ni wa hatari, maana mtu anaamini ana waya wa kubeba mzigo. Tukautupa. Tukanunua waya wa shaba wa milimita za mraba 4, chanya na hasi pia, kwa sababu bodi iliyoshika kutu inakula volti vilevile. Fyuzi moja ya kulinda taa zote nayo sikuikubali: ikikatika katikati ya Kitonga unabaki gizani. Tuliweka mbili za ampea 15, ya dimu na ya fuli, karibu kabisa na betri. Rilei tukazifunga nyuma ya betri, miguu ikitazama chini ili maji yasikae.

Nikarudisha globu za kawaida za 60/55. Mita kwenye soketi: 13.4.

Usiku wa kwanza niliondoka Ilula na matenga yamejaa. Pale Kitonga niliona mawe ya ukingoni mapema, na kona nikaijua kabla sijaifikia. Ndani ya hifadhi, nyati wawili walikuwa wamesimama kandokando ya lami. Nyati haakisi mwanga kama pundamilia, ni giza ndani ya giza, na nimewahi kumgundua mmoja akiwa hatua chache tu kutoka kwenye bampa. Hawa niliwaona mbali, nikapunguza taratibu, nikasimama, wakavuka. Sijui niseme nini zaidi kuhusu thamani ya ile kazi.

Kitu kimoja tulichelewa kukifanya ni kulenga taa. Nyanya zikijaa nyuma, pua ya gari inainuka na dimu inawapiga wenzako machoni, na sasa kwa mwanga huu inawaumiza. Tulilenga ukutani gari likiwa na mzigo, mstari wa mwanga ukishuka sentimita 10 kwa kila mita 10.

Ningenunua tena seti ile? Hapana. Soketi za kauri ni nzuri na rilei zinafanya kazi mpaka leo, ila ningenunua kila kitu kivyake na waya ningeukwaruza mwenyewe dukani. Wenye malori ya Canter na Fuso ya volti 24, ombeni rilei za 24. Ya 12 koili yake itaungua.

Taa ya kushoto bado inaonekana hafifu kuliko ya kulia. Volti ni zilezile, tumepima, ila kioo cha ndani kimeshapauka kwa maji yaliyoingia masika. Hilo rilei haliwezi. Nimeagiza taa nzima.