Koleo la kukrimpia: la kuchagua na la kuacha

Kwenye kazi ya kebo za mtandao, pesa nyingi iende kwenye koleo la kukrimpia, yaani la kubana plagi kwenye ncha ya kebo. Chukua lenye racheti: haliachii mpaka limebana hadi mwisho, kwa hiyo pini zote 8 zinazama sawasawa. La bei rahisi hupinda shingo. Pini za kati zinabaki juu, na laini inakatikakatika ukigusa plagi.

Aina ya kupitisha nyaya hadi nje ya plagi ya RJ45 (plagi ya kebo ya mtandao) inarahisisha kukagua mpangilio wa rangi kabla ya kubana. Udhaifu wake ni wembe. Ukibutuka, unaacha vishungi vya shaba mbele ya plagi, na vikigusana ni shoti. Kama wembe haubadilishwi, usilinunue.

Kimenyeo, kifaa cha kutoa ganda la nje la kebo, kiwe na skrubu ya kurekebisha kina cha kukata. Zungusha mara moja, kunja ganda, livute. Ukiona shaba, umekata hadi nyaya za ndani: kata uanze upya. Jozi (nyaya mbilimbili zilizosokotwa) zisifumuliwe zaidi ya milimita 13.

Kigongeo cha jeki, cha kusukumia nyaya kwenye tundu la mtandao, kiwe na kisu cha aina ya 110, upande wenye makali ukitazama nje, kwenye ncha ya waya inayobaki. Ukigeuza, unakata waya unaoutaka (na hutokea sana jioni).

Testa ya taa inatosha kuonyesha waya uliokatika au kupishana. Haioni jozi zilizochanganywa kwa namna ileile pande zote mbili: taa 8 zinawaka vizuri, lakini mtandao unakwenda kwa kusuasua. Kwa hilo, tafuta testa inayotambua jozi zilizogawanyika.