Uzoefu wangu na injini ya 1KD-FTV kwenye Toyota Prado: nguvu zake, nozeli zake na oili yake

Injini ya 1KD-FTV ni ya dizeli yenye turbo, lita 3.0 na silinda nne zilizo kwenye mstari mmoja, na ndiyo inayosukuma Prado nyingi zenye namba za chesisi zinazoanza na KDJ, Hilux Surf za KDN na Hiace za KDH tunazopishana nazo kila siku barabarani. Mimi namiliki Prado ya KDJ120 iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imeshatumika, na safari zangu kubwa ni za kati ya Iringa na Dar es Salaam. Nimekaa nayo muda wa kutosha kuifahamu injini hii ikiwa katika hali nzuri, ikianza kuchoka, na ikiwa imefunguliwa mbele ya macho yangu. Naandika kwa sababu wanunuzi wengi huambiwa mambo mawili yanayopingana: wapo wanaoapa kwamba haifi, na wapo wanaoonya kwamba inanoki, yaani inakufa kwa ndani, bila taarifa. Kwa niliyoyaona, chuma chake ni imara kweli, lakini uhai wake umeshikwa na nozeli nne, yaani vinyunyizio vya dizeli, na usafi wa oili, na injini nyingi za aina hii ambazo mafundi wamenisimulia kwamba zilinoki, chanzo chake kilikuwa hapo.

Toyota ilianza kuitumia mwaka 2000, ikirithi vipimo vya 1KZ-TE iliyotangulia: kipenyo cha silinda milimita 96, mwendo wa pistoni milimita 103, na ujazo wa sentimita 2,982 za ujazo. Bloku ni ya chuma cha kusubu, silinda hedi ni ya aluminiamu, na kila silinda ina valvu nne zinazoendeshwa na kemshafti mbili. Tofauti kubwa na ile ya zamani ipo kwenye mafuta. Pampu ya presha kubwa hujaza dizeli kwenye bomba nene moja ambalo mafundi huliita reli, kwa presha inayozidi baa 1,000, kisha kompyuta ya injini huamuru kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani, ikinyunyiza kidogo kabla ya mnyunyizo mkuu ili mlio upungue. Kwenye Hilux injini hii imetoa kilowati 126 na msokoto wa Nm 343, na kwenye Prado msokoto huo ukafikishwa Nm 410, kabla ya nafasi yake kuanza kuchukuliwa mwaka 2015 na 1GD-FTV ya lita 2.8.

Barabarani, sifa yake ni kuvuta tangu chini. Mlima wa Kitonga, ambako malori ya Zambia na Kongo hutambaa kwa gia nzito kwenye kona zilizobanana, ndipo panapoonyesha thamani ya turbo yenye vibapa vinavyojigeuza: mzunguko ukiwa mdogo vibapa hubana njia ya moshi ili turbo iwahi kuzunguka, na injini ikishapata kasi hufunguka. Gari lenye watu na mizigo hupanda bila kulazimishwa, na nafasi ya kulipita lori ikipatikana nguvu ipo pale pale. Katika mwendo wa kawaida wa barabara kuu napata kilomita 9 hadi 10 kwa lita, jambo ambalo kwa gari zito la namna hii naliona ni zuri sana.

Sasa nije kwenye nozeli, maana hapa ndipo mwenye gari anapaswa kuweka akili na fedha zake. Kila nozeli hukaa ndani ya tundu lake kwenye silinda hedi, na chini kabisa, pale inapokutana na moto, huzibwa na washa ndogo ya shaba, yaani pete bapa ya kuzibia. Washa hiyo huchoka kadiri inavyopata joto, na ikifungwa juu ya kalio lenye uchafu huchoka mapema zaidi. Ikishaacha kuziba, gesi za moto hupenya pembeni ya nozeli na kupanda hadi chini ya kava ya valvu, zikiacha masizi yanayochanganyika na oili. Masizi hayo huganda, huteremka na oili mpaka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na hatimaye hunaswa na chujio la wavu ambalo pampu ya oili hunyonyea. Filta ya oili unayobadilisha kila servisi haiwezi kusaidia hapo, kwa kuwa wavu huo uko kabla ya pampu na filta iko baada yake. Oili itapungua kufika juu kidogo kidogo huku dipstiki ikionyesha kwamba imejaa, na taa nyekundu ya oili haitasema lolote mpaka presha iwe imeshuka mno, wakati ambao beringi za krenki zimeshaanza kukauka.

Niliposikia mlio mkavu wa kugonga asubuhi injini ikiwa baridi, mlio uliokuwa ukipotea baada ya dakika chache, niliomba nozeli zote zitolewe zibadilishiwe washa, na sampu ishushwe katika kazi hiyo hiyo. Nozeli tatu zilitoka zikiwa safi. Ya silinda ya pili ilikuwa imevikwa ganda gumu jeusi kuanzia ncha hadi katikati ya mwili wake, na fundi alilazimika kuivuta kwa kifaa maalumu kwa sababu ilikuwa imeshikana na tundu lake. Kisha akamulika chujio la oili kwa tochi. Sehemu ya wavu ilikuwa imefunikwa na magamba meusi yanayong'aa, na nilipolichukua moja likasagika baina ya vidole kama makaa. Oili niliyokuwa nayo ilikuwa mpya na kiwango chake kilikuwa sahihi kabisa. Ndiyo maana sikubaliani na fundi anayebadilisha washa halafu akarudisha kila kitu bila kushusha sampu, kwa sababu masizi yaliyokwisha kuteremka hayaondoki kwa kuziba tundu juu.

Nozeli yenyewe nayo huchakaa, na ugonjwa wake unapimika kabla gari halijaharibika. Injini ikiwa imepata moto na ipo sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, mashine ya kupimia huonyesha ni kiasi gani kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta katika kila silinda ili mzunguko ubaki sawa. Thamani zikiwa baina ya hasi 3 na chanya 3, kwa kipimo cha milimita za ujazo kwa kila pigo, hali inakubalika. Moja ikivuka mpaka huo, nozeli hiyo haistahili kuendelea kuvumiliwa. Hatari yake haiishii kwenye moshi au ulaji wa mafuta. Nozeli inayomimina badala ya kunyunyiza huunguza sehemu moja ya kichwa cha pistoni, na pistoni za injini hizi, hasa katika matoleo yaliyofuata ya Hilux na Prado, zinajulikana kupasuka. Wamiliki wa Australia, ambako magari haya yameuzwa kwa wingi, wamekutana na tatizo hilo sana. Dalili zake ni mlio wa ghafla unaofuata kasi ya injini, moshi mweupe na upepo mwingi kwenye kofia ya oili. Wenye matoleo ya baadaye wakumbuke pia kwamba nozeli mpya ina msimbo wake uliochapwa juu, na msimbo huo lazima uingizwe kwenye kompyuta ya injini. Nimeona magari yaliyofungwa nozeli mpya za bei kubwa yakaendelea kutetemeka kwa sababu hatua hiyo iliachwa.

Adui mkubwa wa pampu na nozeli ni dizeli chafu. Tanzania tunalifahamu neno kuchakachua, yaani kuchanganya dizeli na mafuta ya taa: EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba, alama ya kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili bei yake isogelee ya dizeli na uchanganyaji ukose faida. Mafuta ya taa huwaka vizuri, lakini hayalainishi kama dizeli, na pampu ya injini hii hailainishwi na kitu kingine isipokuwa mafuta yanayopita ndani yake. Niliwahi kujaza kwenye kituo kimoja cha njiani, na kabla ya kufika nyumbani sailensa ikaanza kupanda na kushuka, gari likawa linazima kwenye foleni, taa ya injini ikawaka. Mashine ilisoma msimbo wa hitilafu P1229, na gereji ya kwanza ikanieleza kwamba pampu nzima imekufa. Fundi wa pili alipima presha ya reli, akaona inayumba tu, haijakosekana, akabadilisha valvu ndogo ya umeme iliyo kwenye pampu, ambayo wenyewe huiita SCV, akashusha tangi na kuliosha, akafunga filta mpya. Tatizo likaisha hapo. Yeyote anayeambiwa anunue pampu aulize kwanza habari ya valvu hiyo, kwa kuwa tofauti ya gharama ni kubwa mno. Mimi sasa natoa maji kwenye filta ya dizeli kila servisi, na najaza kwenye vituo vyenye magari mengi, ambako mafuta hayakai muda mrefu.

Kuhusu EGR sina mengi. Valvu hiyo hurudisha sehemu ya moshi kwenye hewa inayoingia, moshi hukutana na mvuke wa oili, na manifoldi hujaa utando mzito mweusi unaoinyima injini pumzi. Kufungua na kuosha kunatosha. Mafundi wengi hupenda kuiziba kabisa kwa bati, nami sikukubali, kwa sababu kompyuta huweza kutambua na gesi za sumu zinazotoka huongezeka. Turbo yangu haijawahi kuguswa. Ninachokifanya ni kuacha injini izunguke kidogo kabla ya kuzima baada ya mlima mrefu, na kubadilisha oili, takribani lita 7, kila kilomita 5,000 bila kusubiri iwe nyeusi, maana kwenye dizeli huwa nyeusi siku ile ile.

Mkanda wa taimingi ni suala la nidhamu tu. Kwenye magari ya Japani taa ya T-BELT huwaka ikifika kilomita 100,000, na ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Kwa mnunuzi, taa iliyozimika haithibitishi kitu, kwani inaweza kurudishwa sifuri bila mkanda kuguswa, kama vile namba za dashibodi zinavyoweza kurudishwa nyuma. Mkanda ubadilishwe mara tu gari linapokuwa lako.

Anayetaka kununua gari lenye injini hii alikute likiwa baridi, asikubali kuonyeshwa lililokwisha kuwashwa, kwa sababu mlio wa nozeli mbovu husikika katika dakika za kwanza. Afungue kofia ya oili injini ikiwa inazunguka na kutazama kama inapumua moshi kwa nguvu, amulike ndani kwa tochi kuona kama chini ya kava pamejaa masizi makavu, kisha adai kusomewa thamani za nozeli zote nne gari likishapata moto. Katika bei atenge fedha za washa, sampu na mkanda, hata kama gari linaendeshwa vizuri. Kwa masharti hayo ningeichagua tena injini hii kwa barabara zetu, na gari ambalo thamani za nozeli zake muuzaji hataki zisomwe ningeliacha, hata bei yake ikiwa nafuu kiasi gani.