Anki kwa anayejiandaa na MCAT: pale inapobeba na pale inapokuacha

Ukiwa unasoma shahada ya kwanza Marekani na nia yako ni udaktari, MCAT (mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari) haikwepeki. Maswali 230, sehemu nne, zaidi ya saa sita za kujibu hata kabla hujahesabu mapumziko. Biolojia, kemia, fizikia, biokemia, na tangu 2015 saikolojia na sosholojia pia. Kinachotesa zaidi ya ugumu wake ni kwamba kemia uliyoisoma mwaka wa kwanza, ukafaulu, ukaisahau kwa furaha, unaulizwa tena mwaka wa tatu. Hapo ndipo Anki ilipoingia kwenye maisha yangu, na bado haijatoka.

Kwa asiyeijua: ni programu ya kadi. Unaona swali, unajibu kichwani, unafunua jibu, kisha unajipa alama mwenyewe kwa vitufe vinne, kuanzia nimesahau hadi rahisi. Uliyokosa inarudi baada ya dakika chache. Uliyopata inarudi kesho, halafu baada ya siku kadhaa, halafu miezi. Damien Elmes aliitoa mwaka 2006, na tangu 2023 ina njia mpya ya kupanga marudio, FSRS, inayotazama jinsi wewe mwenyewe unavyosahau. Ukiikuta imezimwa kwenye mipangilio, iwashe. Utarudia kadi chache na utakumbuka vilevile.

Ubora wake unategemea kadi. Mtandaoni kuna mafurushi ya kadi elfu kwa elfu yaliyokwisha kuandaliwa, na wengi wanayapakua wakidhani kazi imekwisha. Mengi yana kadi za namna hii: "Taja asidi amino zote zenye chaji chanya, na pKa zake." (pKa ni pH ambayo nusu ya molekuli zimeachia protoni.) Kadi hiyo ni mtihani mzima! Ukisahau kimoja umekosa vyote, na programu haiwezi kujua ulikwama wapi. Mimi huzivunja. Ya kwanza: mnyororo wa pembeni wa histidini una pKa ya ngapi? Kama 6. Ya pili: basi kwenye pH 7.4 ya damu, histidini nyingi zina chaji au hazina? Hazina. Ile ya pili ndiyo inayolipa, kwa sababu MCAT haikuulizi namba, inakuuliza namba hiyo inafanya nini. Kwa asidi amino 20, fomula za fizikia, homoni na tezi zake, na yale majina ya nadharia za saikolojia yanayofanana kama mapacha, sijaona chombo kinachoishinda.

Lakini ina ukomo, na ukomo wenyewe uko wazi. Chukua vizuizi vya vimeng'enya. Kadi itakufundisha kwamba kizuizi shindani huongeza Km (kiasi cha malighafi kinachohitajika kufikia nusu ya kasi ya juu) na kuiacha Vmax, yaani kasi ya juu yenyewe, ilivyo. Utaijibu hata usingizini. Kisha mtihani unakuletea grafu ya Lineweaver-Burk, mistari miwili inakutana kwenye mhimili wa wima (ndiyo alama ya kizuizi shindani), na hakuna aliyetaja neno kizuizi popote. Mwenye kadi peke yake ataduwaa hapo. Grafu hizo zinataka kalamu na maswali ya mazoezi. Na sehemu ya CARS, yenye maswali 53 kwa dakika 90, ni kusoma vifungu na kupima hoja za mwandishi. Haihitaji maarifa ya nje hata kidogo. Anayekuuzia kadi za CARS anakuuzia hewa.

Jambo jingine: Anki haina huruma. Ukiiacha siku chache, kadi zinarundikana na namba ile inakukodolea macho kila ukifungua. Kawaida inakuja ikiwa imepangwa kukupa kadi mpya 20 kwa siku, na kwa aliye na maabara na vipindi vya kemia ya kaboni, hizo zinaweza kuwa nyingi mno. Namba hiyo inabadilishwa. Wiki za mitihani ya chuo huwa naiweka sifuri na kurudia za zamani tu. MCAT ikikaribia ningefunga kabisa kadi mpya na kuhamia kwenye mitihani kamili ya mazoezi ya AAMC, chama cha vyuo vya udaktari Marekani, kwa kuwa hao ndio wanaotunga mtihani wenyewe.

Sura yake? Ya kizamani, na mipangilio yake inaweza kumkimbiza mtu siku ya kwanza. Vumilia. Jifunze mapema namna ya kuficha sehemu ya picha ili ujiulize kilichofichwa ni nini. Kwa mchoro wa nefroni, kile kichujio kidogo cha figo, hakuna kinachofaa zaidi, na utaihitaji sana ukifika kwenye anatomia.

Kwenye kompyuta ni bure, kwenye Android bure. Kwenye iPhone ni dola 24.99, unalipa mara moja. Bei inauma kwa mwanafunzi, ila kadi zako unaweza kuzipitia bure kupitia tovuti ya AnkiWeb kwenye simu hiyohiyo, kwa hiyo jaribu huko kwanza. Na angalia jina kabla ya kupakua, maana kuna programu nyingine zenye majina ya kukaribiana: kwenye iPhone unatafuta AnkiMobile, kwenye Android ni AnkiDroid.