Tanga gani ununue kwa windisafu ya foili

Kwenye windisafu ya foili, yaani kuteleza baharini kwa ubao wenye tanga, tanga lichague kwa jinsi linavyopampika, yaani linavyogeuza mivuto ya mikono yako kuwa mwendo, ukubwa uje baadaye. Foili, lile bawa lililofungwa chini ya ubao, ikishakuinua juu ya maji, ukinzani unapungua mno na tanga dogo linatosha. Kazi nzito ni kunyanyuka. Mtu wa kilo 75 aliyezoea tanga la mita 7 za mraba kwa fini, lile pezi la ubao wa kawaida, atatosheka na 5.5 au 6.

La kwanza kwangu ni tanga jepesi la foili la ukubwa huo, lisilo na kemba, yaani vile vibano vya plastiki vinavyoukumbatia mlingoti kwenye ncha za fito zinazolinyoosha tanga. Limekatwa refu na jembamba, na ukingo wake wa nyuma umekaza. Ukilivuta, upepo hauponyoki. Kila mvuto unakuwa mwendo.

La pili ni tanga la mawimbi la 5.0 hadi 5.3, hasa kama tayari unalo stoo. Ni gumu na linavumilia kuangushwa. Legeza kidogo kamba ya kukazia chini ili lipate tumbo, vinginevyo ukingo wa juu utapepea na jasho lako litapotea bure.

Tanga la kawaida la 7 na zaidi nalipa nafasi ya tatu, kwa wenye mwili mkubwa tu. Bumu yake, ule mti wa kushikia tanga, ni ndefu na inauchosha mkono wa nyuma.

Matanga ya mashindano nayaweka mwisho. Katika iQFOiL, daraja la windisafu ya foili lililoingia Olimpiki mwaka 2024, mwaka huo wanaume walitumia mita 9 na wanawake 8. Huko Marseille, Ufaransa, Tom Reuveny wa Israel na Marta Maggetti wa Italia walipata dhahabu kwa matanga hayo. Ni mazuri kweli, lakini ukianguka na tanga la 9 likajaa maji, kulinyanyua ni mieleka.

Kupampu kwenyewe: elekeza ubao upepo ukupige ubavuni, kisha geuka kidogo kuufuata. Tanga lisimame wima. Vuta bumu kifuani kwa mikono yote miwili, mkono wa nyuma ukitangulia, achia haraka, vuta tena. Wakati huohuo kandamiza ubao kwa miguu na uuachie, kwa mdundo mmoja na mikono. Ukisikia kelele ya maji imekatika, umepaa: acha kuvuta, hamishia uzito mguu wa mbele, la sivyo ubao utachomoka juu.

Kwa tanga la mtumba, litandaze juani. Plastiki angavu iliyofifia au yenye nyufa ndogo kama utando wa buibui itapasuka karibuni. Angalia pia urefu wa mlingoti ulioandikwa kwenye tanga. Mlingoti wa mpindo tofauti unaliharibu umbo, hata tanga likiwa jipya.

Na kwa watu wa Paje na Jambiani, Zanzibar, subirini maji yajae. Nguzo ya foili, inayoshuka kutoka kwenye ubao hadi kwenye bawa, hufika sentimita 80 na kuendelea, na maji yakipwa, ndani ya mwamba hayafiki magotini.