Zulia la mgeni rasmi na binti aliyekatishwa ngoma

Naandika haya nikiwa bado na hasira, kwa sababu najua kwamba nikingoja itulie nitaandika kwa upole uliozidi, na waandaaji watasoma wakidhani kuwa kila kitu kilikwenda sawa. Majuma machache yaliyopita nilikwenda na binti yangu kwenye onyesho la hisani hapa Mwanza, katika ukumbi mmoja wa katikati ya mji, ambako mabinti wanaojifunza Bharatanatyam, ile ngoma ya kale ya India Kusini, walicheza ili kuchangisha fedha za dawa za watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu. Mwanangu ni mmoja wa watoto hao. Mwanakamati mmoja aliniambia kwamba wazazi kama mimi tungeingia bure, lakini nililipa tiketi zote mbili, kwa kuwa nilitaka kukaa pale kama mtu aliyekuja kutazama ngoma.

Habari za viti, taa na maegesho sitazieleza. Jambo langu ni moja: binti wa miaka kumi na minne hivi alikatishwa katikati ya varnamu, sehemu kuu ya onyesho la ngoma hiyo, akaambiwa apishe.

Kwa asiyejua, huenda hilo likaonekana dogo, na hata mimi zamani ningeliona dogo. Lakini mwalimu wa mabinti hao ni mteja wangu. Ninauza vitambaa karibu na Makoroboi, naye kwa muda mrefu amekuwa akija kuchukua bitana, lastiki na utepe wa dhahabu kwa ajili ya mavazi ya wanafunzi wake, na kila nikimpimia kitambaa hunieleza jambo. Yeye ndiye aliyenifahamisha kwamba nilikosea kudhani kila Mhindi wa mji huu ameikuta ngoma hii nyumbani kwao. Familia nyingi za hapa asili yao ni Gujarati, na ngoma zao za kwao ni garba na dandia. Hii ni ya Watamil, iliyokuwa ikichezwa mahekaluni, na ilikaribia kuzimwa kwa kudharauliwa kabla watu kama Rukmini Devi Arundale, aliyeanzisha chuo cha Kalakshetra mjini Madras mwaka 1936, hawajaisimamisha tena jukwaani kwa heshima. Kwa hiyo mabinti wetu, ambao nyumbani huzungumza Kigujarati au Kikachi na wakiwa wenyewe huzungumza Kiswahili kitupu, hujifunza nyimbo za Kitamil neno kwa neno, huku mwalimu akiwafasiria kila mstari hadi uso wa mtoto uweze kusema kile ambacho wimbo unasema.

Varnamu ndiyo kazi nzito kuliko zote katika onyesho la namna hii. Alaripu, inayofungua, ni fupi: macho, shingo na mabega vinaamshwa kimoja baada ya kingine, kisha mwili mzima. Varnamu inaweza kuchukua nusu saa na zaidi, na mchezaji hapumziki, kwa sababu akimaliza kusimulia kwa uso na vidole huingia kwenye hatua za miguu mitupu, akiwa amekunja magoti na kuyafungua nje kama mtu aliyekaa nusu, kisha hurudi kwenye hadithi bila kuonyesha kwamba pumzi imekwisha. Mwalimu aliniambia kwamba binti yule alikuwa ameifanyia mazoezi karibu mwaka mzima, jioni baada ya shule, na kwamba mara mbili alilia akataka kuiacha.

Sasa nieleze kilichotokea. Tulikuwa safu ya tatu, upande wa kushoto, nami niliiona mikono yake vizuri. Alikuwa amefika mahali ambapo mwanamke wa kwenye wimbo anamsihi rafiki yake aende akamwite Krishna, mungu wa Kihindu ampendaye, kwa kuwa usiku unapita naye hajatokea. Vidole vya mkono mmoja vilikuwa vimenyooshwa kuelekea njia, mkono wa pili uko kifuani, na macho yake yalikuwa yakimtazama huyo rafiki asiyekuwepo kwa namna ambayo hata mwanangu aligeuka kuangalia kama kuna mtu. Ndipo mlango wa nyuma ulipofunguliwa, na mshereheshaji akachukua maiki: “Tukatishe kidogo hapo, mgeni rasmi ameshawasili. Asanteni mabinti, mtaendelea baadaye. Wote tusimame.” Mtu wa mitambo akauzima wimbo katikati ya neno.

Binti hakushuka. Alibaki vilevile, magoti yamekunjwa, mikono hewani, na kwa kuwa ukumbi ulikuwa umenyamaza kwa mshangao, nilisikia njuga za miguuni mwake zikitetemeka, si kwa ngoma bali kwa misuli iliyokuwa ikishikilia mkao ule. Kisha makofi ya kumpokea mgeni yakaanza. Alimtazama mwalimu wake, mwalimu akainamisha kichwa, naye akasimama, akainama kugusa sakafu na kupeleka vidole machoni, kwa sababu mchezaji wa ngoma hii huiomba radhi ardhi anayoikanyaga, kabla ya kucheza na baada ya kucheza, na nadhani hakutaka kuondoka bila kufunga alichokifungua. Mshereheshaji, akiwa bado na maiki mdomoni, akamwambia: “Binti, wahi, wahi, tupishe.”

Mwanangu akaniuliza, “Mama, amekosea nini?”

Sikuwa na jibu. Ninaandika kama mtu anayelijua vizuri swali hilo. Mtoto mwenye selimundu hukatishwa kila siku: chembe nyekundu za damu, badala ya kuwa za mviringo, hupinda kama mundu na kukwama katika mishipa midogo, maumivu huja bila hodi, na baridi au kiu huyachochea, ndiyo maana hata usiku ule nilikuwa nimembebea sweta kwa ajili ya upepo wa ziwani na chupa ya maji. Mwaka uliopita aliinuliwa kwenye chumba cha mtihani karatasi ikiwa nusu. Amewahi kuondolewa kwenye kipaimara cha dada yake keki ikiwa haijakatwa. Na sasa, katika jioni iliyotangazwa kuwa ni kwa ajili yake na wenzake, alimwona mtoto mwingine akiondolewa kwenye kitu alichokuwa akikifanya vizuri, na kwa haki kabisa akadhani kwamba lazima kuna kosa.

Yaliyofuata yalichukua muda ambao mtu hawezi kuusamehe. Vijana wa ukumbi waliingia na zulia jekundu, wakalitandaza juu ya mbao zilezile walizokuwa wakichezea mabinti, wakapanga viti vyenye vitambaa vyeupe na meza yenye maua na chupa za maji. Itifaki ikazingatiwa. Alizungumza wa kwanza, akazungumza wa pili, akazungumza mgeni rasmi mwenyewe, na neno selimundu nililisikia mara moja tu, wakati mfano wa hundi wenye ukubwa wa mlango ulipoletwa ili wapigwe picha. Mabinti walikuwa wamesimama pembeni mwa pazia, miguu yao iliyopakwa rangi nyekundu ikipoa kwenye saruji, na niliwasikia wakinong’onezana, “Dada, njuga yangu imelegea, nikazie.”

Mimi ni Msukuma, na sisi ni watu wa ngoma. Bagika na Bagalu, vyama vyetu viwili vya ngoma, wameshindana katika nchi hii tangu zamani za babu zetu, na katika mashindano yale manju, kiongozi wa ngoma, akishaanza, mgeni hata awe mtemi hukuta ngoma inachezwa, naye husimama na kutazama hadi ifike mwisho wake. Sijui ni lini tuliamua kwamba heshima ya mgeni ni kunyamazisha kilichomleta.

Nilikuwa nimekwisha kushika mkoba ili tuondoke, na kama ningeondoka muda ule, maandishi haya yangeishia kwa kuwaambia msinunue tiketi yao kamwe. Mgeni rasmi alitoka, msafara wake ukatoka naye, na safu mbili za mbele zikabaki tupu. Mshereheshaji akatangaza kwamba biriani iko tayari nje, na waliobaki wakaanza kuinuka. Mtu wa mitambo alikuwa akikunja nyaya. Hapo mwalimu alipanda jukwaani bila maiki na kuwaomba vijana waliondoe zulia, kwa sababu ngoma hii huchezwa kwa kupiga nyayo na sauti ya nyayo ni sehemu ya muziki wake. Wakamjibu kwamba zulia ni la watu wa mapambo, watakuja wenyewe kulichukua.

Basi mabinti walianza kulikunja wenyewe, wakiwa na vito vyao kichwani na mishono ya hariri mwilini, wakipiga magoti mmoja baada ya mwingine. Sikumbuki niliinukaje. Nilijikuta jukwaani nimeshika ncha moja, na ncha nyingine ameishika bibi mmoja wa Kihindi mwenye sari ya kijani, ambaye hatujuani, akiniambia kwa Kiswahili cha hapahapa, “Vuta kwako mama, mimi naja nalo taratibu.” Chini ya zulia zilikuwepo alama nyekundu za nyayo za yule binti, zimekauka juu ya mbao, kuanzia katikati hadi mahali alipokuwa amekatishwa.

Alianza tangu mwanzo. Mwalimu alikaa chini na kijiti chake na kigogo cha mbao, akawa anagonga na kutamka zile silabi za hatua, taka dhimi, taka dhimi, na palipohitaji wimbo aliimba mwenyewe, kwa sauti isiyo nzuri sana ila iliyojua inakokwenda. Tulibaki watu wasiozidi hamsini. Bila spika, kila nyayo ilisikika, na njuga zilijibu kijiti kwa usawa ambao sikuusikia kabisa wakati muziki ukitoka kwenye mitambo. Alipofika pale pa kumsihi rafiki, mwanangu alinishika mkono akaubana, na binti akapita pale, akaendelea, akamaliza, akaigusa ardhi. Katika maisha yangu sijatazama kitu kilichonituliza namna ile, na ninasema hivyo nikijua kwamba kurasa zote za juu nimezijaza malalamiko.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama onyesho lile lilikuwa zuri, namjibu ndiyo, na pia namjibu kwamba lilikuwa aibu. Fedha zenyewe zilifika, hilo lazima niliseme kwa haki. Katika nchi ambayo kila mwaka wanakadiriwa kuzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu, na Kanda ya Ziwa ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoelemewa zaidi, kikundi cha mabinti wa shule kimewezesha baadhi ya watoto kupata haidroksiyurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu na haja ya kuongezewa damu, lakini ambayo haina maana ukiimeza mwezi huu na kuikosa mwezi ujao. Mwanangu amepata ya miezi mitatu. Siwezi kuipokea dawa hiyo kisha nikawaambia watu wasiende.

Lakini nilimwendea mwanakamati, kwa heshima, na kumwomba kwamba safari nyingine hotuba ziwekwe mwanzo au mwisho, na mgeni akichelewa akae nyuma kama sisi hadi ngoma iishe. Alinijibu, “Mama, mgeni rasmi hapangiwi muda.” Nikamwuliza nani basi aliyepangiwa muda, kama si mtoto aliyefanya mazoezi mwaka mzima. Akasema wamenisikia.

Niliomba pia kuona mchanganuo wa matumizi, ambao waliubandika kwenye ubao wa matangazo mlangoni pa ofisi yao, na kwa hilo nawashukuru, kwa kuwa wengi hawabandiki. Mstari wa nne unasema: zulia na mapambo ya meza kuu. Kiasi kilichoandikwa mbele yake kingetosha dawa ya mwanangu kwa miezi miwili zaidi. Nitanunua tiketi tena, mbili, na mwanangu ameshaanza kuulizia ni lini, lakini kabla sijatoa fedha nitamwuliza kila mwanakamati, mmoja baada ya mwingine, kuhusu mstari huo wa nne.