Tamthilia Mpya za Kiswahili: Tulizozinunua, Tulizozisoma kwa Sauti na Ile Tuliyoicheza

Kikundi chetu cha uigizaji huku Kisauni, Mombasa, kina watu wanane: mshonaji wa madera, fundi wa majokofu, wauguzi wawili, mama anayeuza samaki wa kukaanga, vijana wawili waliomaliza shule hivi karibuni, na mimi ambaye hufundisha Kiswahili katika shule ya upili. Mwaka jana tulikubaliana kucheza tamthilia nzima, si vile vichekesho vya dakika kumi tulivyokuwa tukivitoa kwenye mahafali na harusi, nami nikaweka sharti moja tu, kwamba iwe imetungwa katika karne hii. Sikuliweka kwa kudharau wakongwe. Nililiweka kwa sababu kila nilipotaja neno tamthilia, wenzangu walinijibu Kinjeketile, ambayo Ebrahim Hussein aliitoa mwaka 1969, kana kwamba tangu hapo wino ulikauka.

Shida ya kwanza ilikuwa kuzipata. Niliingia katika duka moja la vitabu mjini, nikaomba tamthilia nne kwa majina yake, na kijana wa kaunta akaniletea vitabu vinne vyembamba vyenye majina yale yale. Nilipovifungua nyumbani nikakuta vitatu kati yake ni miongozo, yaani vile vitabu vya maswali na majibu ambavyo hueleza maudhui, sifa za wahusika na mbinu za lugha bila ya kukuonyesha hata ukurasa mmoja wa mazungumzo yenyewe. Niliporudi kulalamika, yule kijana alinitazama kwa huruma na kuniambia, "Mwalimu, hiki ndicho watu wanachonunua." Hakuwa akisema uongo. Nchini Kenya tamthilia ya Kiswahili huishi kwa mtihani: ikiteuliwa kuwa kitabu cha lazima cha KCSE, yaani mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya upili, huuzwa kila mji, na muda wake ukiisha hurudi kwenye rafu za nyuma. Kwa hiyo anayetaka kununua na asome kwanza jalada kwa makini, afungue katikati, na ahakikishe kwamba anaona majina ya wahusika pembeni na maelekezo ya jukwaani katika mabano. Ahesabu na kurasa pia, kwani nakala moja niliyouziwa barabarani kwa bei ya kutupa ilikuwa imerukwa kurasa kumi na sita.

Nilipozipata zote nne sikuziteua peke yangu. Kwa Jumamosi nne mfululizo, baada ya Alasiri, tulikaa kwenye baraza ya mshonaji na kusoma kwa sauti, kila mtu akichukua wahusika wawili au watatu, tena bila ya kujiandaa. Nimefundisha tamthilia kwa miaka mingi na ninakiri kwamba kipimo hiki kilinifunza zaidi ya uhakiki wote niliowahi kuwaandikia wanafunzi ubaoni, kwa kuwa sentensi inayopendeza kwa macho mara nyingi humkwama msomaji kooni, na mzaha ambao mwanafunzi huupigia mstari kwa kalamu nyekundu huweza kupita barazani bila ya mtu hata kutabasamu.

Tulianza na Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, iliyotoka mwaka 2001, ambayo ndiyo kongwe zaidi katika orodha yetu. Kithaka ni mshairi, na hilo linasikika: maneno yake yana uzito na hayana mafuta ya ziada. Kisa cha Mwelusi anayempinga Mtemi Bokono, na cha Gege nduguye anayeshawishika kumsaliti, kilimfanya muuza samaki wetu aache kusoma na kumtukana Gege moja kwa moja. Tuliiacha kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba inadai askari, wafungwa, watu wa ikulu na watu wa kisimani, nasi tulikuwa wanane. Mwenye kikundi cha watu kumi na watano asisite.

Kigogo ya Pauline Kea tuliisoma Jumamosi ya pili, na hapa ningependa kukaa kidogo, kwa maana ni kazi ambayo mtihani umeitendea vibaya. Ilitahiniwa kuanzia mwaka 2018 hadi 2022, na maelfu ya vijana wanaikumbuka kama orodha ya sifa za Majoka, kiongozi wa jimbo la kubuni la Sagamoyo: katili, mwenye tamaa, msaliti. Isomeni kwa sauti nanyi mtaona kwamba mwandishi huyu anajua jukwaa. Anafungua pazia kwenye karakana, ambapo Sudi, Boza na Kombe wanachonga vinyago kwa ajili ya sherehe za uhuru wa Sagamoyo, na papo hapo mikono ya waigizaji ina kazi. Hili si jambo dogo. Mwigizaji asiye na uzoefu akipewa maneno matupu hujua tu kusimama wima na kukunja mikono, lakini mpe patasi na gogo, na sauti yake yenyewe inatulia. Fundi wetu wa majokofu, ambaye kwa kawaida husoma kama anayetangaza treni, alishika bisibisi na kipande cha mti, akaanza kukwangua huku akisema maneno ya Sudi, nasi sote tukanyamaza kumsikiliza.

Onyesho la ofisini ndilo bora zaidi. Ashua, mke wa Sudi, anakwenda kwa Majoka akiwa na shida ya kweli, kwani soko limefungwa na watoto wanahitaji kula, naye Majoka, ambaye aliwahi kumtaka zamani, anaigeuza shida ile kuwa nafasi ya kumtongoza, kisha Husda, mke wa Majoka, anaingia na kuwakuta pamoja. Watu watatu, meza moja na mlango mmoja: huhitaji kitu kingine. Wauguzi wetu wawili walisoma nafasi za Ashua na Husda mara tatu kwa kupokezana, na kila walipobadilishana, makosa yalihamia upande mwingine, jambo linaloonyesha kwamba onyesho lenyewe halikuegemea upande mmoja.

Nina malalamiko, hata hivyo. Majoka ni mwovu mno tangu anapofungua kinywa, hata mwigizaji wake hana pa kupanda. Ameanza akiwa juu ya kilele cha ubaya, na hapo ndipo anapobaki hadi umma unapomgeukia. Tunu naye, mwanaharakati anayempinga, ni mwema kwa kiwango hicho hicho, hata kijana aliyesoma nafasi yake aliniuliza kama binti huyu huwa hachoki hata siku moja. Kisha kuna onyesho la ambulensi, ambamo Majoka amezirai na anazungumza na babu yake katika ndoto. Kwa kusoma, ni zuri. Kwa kikundi kisicho na taa wala pazia, ni mtihani. Tulijaribu kwa benchi la miguu minne na vijana wawili wakilitikisa kutoka nyuma ili lionekane gari linalokwenda, na Majoka wetu akaanguka chini kwa kishindo. Tulicheka hadi tukaahirisha usomaji wa siku ile.

Jumamosi iliyofuata tulisoma Mstahiki Meya ya Timothy Arege, ya mwaka 2009, nikaipenda kwa ulimi wake. Meya Sosi wa mji wa Cheneo anaandaa mapokezi ya wageni ilhali wafanyakazi hawajalipwa na zahanati haina dawa, na ndani ya yote hayo kuna mpango wa siri wa kuiuza fimbo ya meya. Dhihaka ya Arege ni kavu na haina pupa. Inafaa sana kuchezwa mbele ya watu wazima wanaolipa kodi, na nitairejelea.

Tuliyoichagua ni Bembea ya Maisha, ya Arege huyo huyo, ambayo ilianza kutahiniwa mwaka 2023. Haina kigogo, haina mapinduzi. Ina nyumba ya kijijini, mama mgonjwa anayeitwa Sara, mumewe Yona ambaye alikuwa mwalimu na akazongwa na pombe, na mabinti watatu waliokwisha kuwa wakubwa: Neema, Asna na Salome. Suala lote ni nani atamhudumia mgonjwa, wapi, na kwa fedha za nani. Neema ana uwezo, lakini mumewe Bunju anashikilia mila kwamba wakwe hawalali kwa mkwe wao, na mama anaishia kulazwa kwa Asna, ambaye hana nafasi kama ya dada yake. Sijui familia ya Pwani wala ya bara ambayo haijawahi kukaa kikao cha namna hii. Tulipofika mwisho wa usomaji, hakuna aliyetaja sifa za wahusika; mshonaji alituhadithia, kwa sauti ya chini, jinsi walivyogawana zamu za kumwangalia mama yake.

Katika mazoezi, jambo lililotusumbua na kututajirisha zaidi ni suala la mwanamume kuingia jikoni. Yona, ambaye ujanani alimtesa mkewe, sasa anataka kumhudumia, na marafiki zake wanaliona hilo kuwa aibu kwa mwanamume. Mwigizaji wetu, yule fundi, alilisema hili kwa ufasaha lakini hatukumwamini, mpaka siku moja muuza samaki alipomkabidhi kisu, kitunguu na sinia, akamwambia aseme maneno yake huku akikata. Kwanza alikishika kitunguu kama mtu aliyeshika jiwe. "Kaka, kimenye kwanza," akaambiwa. Akamenya, akakata vipande vikubwa kama vya kulishia mbuzi, macho yakamtoka machozi, na maneno ya Yona yakatoka kwa mkatomkato, na pua imeziba. Tulikibakiza kitunguu kile hadi siku ya onyesho. Hakimo katika kitabu, ni chetu, na nadhani tamthilia nzuri ndiyo inayokuachia nafasi ya kuingiza kitunguu chako.

Tuliicheza jioni mbili katika ukumbi wa kijamii, kwa kiingilio cha shilingi mia moja. Jioni ya kwanza walikuja wanafunzi wengi waliobeba vitabu na kufuatilia kila mstari kwa kidole, hata tulipopunguza hotuba moja nikasikia kurasa zikipekuliwa ukumbi mzima. Jioni ya pili walikuja wazazi. Bunju alipokuwa akieleza kwa utulivu kwamba yeye hana ubaya na mama mkwe ila mila ni mila, mzee mmoja wa safu ya mbele alimjibu kwa sauti, "Na hospitali nayo ni mila?" Mwigizaji wetu hakujua kama anyamaze au aendelee. Alinyamaza, na ule ukimya ulikuwa bora kuliko wote tulioupanga.

Sisemi kwamba kazi hii haina kasoro. Wahusika wake wakati mwingine husimama kutoa mawaidha wakati ambapo binadamu wa kawaida angenyanyuka na kwenda zake, na mazungumzo ya Yona na wenzake kuhusu mila na usasa yanazunguka kisima kile kile mara mbili zaidi ya inavyohitajika. Sisi tulipunguza, lakini tulipunguza kwa idhini. Hili nalisisitiza kwa sababu vikundi vingi huamini kwamba kitabu kikishanunuliwa kimeshakuwa chao. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda kazi ya fasihi hadi miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na hawa tunaowazungumzia wangali wanaandika. Kwa hiyo iandikeni barua ya kuomba ruhusa kabla ya mazoezi kuanza, mkitaja ukumbi, tarehe, kiingilio na sehemu mnazotaka kupunguza, na mtenge muda wa kutosha wa kusubiri jibu.

Kwa anayeniuliza anunue ipi, jibu langu linategemea watu alio nao. Mwenye waigizaji wachache, tena wengi wao wanawake, anunue Bembea ya Maisha bila kusita. Mwenye vijana wengi wenye nguvu na sauti achukue Kigogo, lakini ampe nafasi ya Majoka yule mpole kuliko wote katika kikundi, ili apate angalau cha kutafuta. Gharama si kubwa: kila nakala halali niliinunua kwa chini ya shilingi elfu moja, na nawasihi mnunue nakala ya kila mwigizaji, kwa sababu picha za simu zina kawaida ya kukata mstari wa mwisho wa ukurasa.

Sisi tayari tumerudi barazani na Mstahiki Meya. Waigizaji tumewapata, ruhusa tumeiomba, na kilichobaki ni fimbo yenyewe, ambayo lazima ifanane na kitu ambacho mtu angethubutu kukiiba. Seremala wa mtaa ametuletea ya kwanza wiki iliyopita, imepakwa rangi ya dhahabu mpaka mpini, na muuza samaki ameikataa kwa sababu, anasema, inafanana na mchi wa kinu.