Paneli ya vitufe au skrini ya kugusa: ipi ifungwe ukumbini?

Mafundi wa mitambo ya picha na sauti katika kumbi za Mbeya na Iringa hubishana mara kwa mara kama swichi inayochagua kifaa kitakachoonekana kwenye projekta iongozwe kwa paneli ya vitufe au kwa skrini ya kugusa.

Kwa gharama, vitufe vinashinda. Paneli huunganishwa na swichi kwa waya wa RS-232, yaani waya wa kupitisha amri kati ya vifaa, ambao kwa kawaida hauzidi mita 15, na fundi akishaiwekea amri zake, kazi imekwisha. Skrini hutumia kebo ya mtandao, inayofika mita 100 na kuweza kubeba umeme humo humo, lakini huhitaji mtaalamu wa kuiandikia programu, ambaye asipopatikana mjini itabidi aitwe kutoka Dar es Salaam kwa kila badiliko.

Kwa kutegemeka, umeme ndio mwamuzi. Ukikatika na kurudi, vitufe huwa tayari mara moja, ilhali skrini na kidhibiti chake huanza kujiwasha upya huku wageni wakisubiri. Ndiyo maana nasisitiza kwamba skrini isifungwe bila UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme kwa muda ukikatika. Radi za Novemba hadi Aprili huweza kuunguza zote mbili, hivyo waya wa ardhini (ethi) ni wa lazima.

Hata hivyo, vifaa vya kuchagua vikizidi sita au saba, vitufe huchanganya, na maandishi yake hufutika kwa kuguswa. Kanisa lenye kompyuta moja na kamera litatosheka na vitufe. Chuo chenye kumbi kadhaa na fundi wake wa kudumu kitanufaika zaidi na skrini.